Mabao ya Pole

Barua ilimkuta Bi Mwanjaa akipepeta mchele. Ilikuwa siku ya tisini na tatu ya eda yake, saa nne asubuhi, naye ameketi uani juu ya jamvi, miguu kainyoosha, ungo mapajani, chuya kazikusanya pembeni ndani ya kifuu kwa ajili ya kuku wa jirani. Aliyeileta alikuwa binti wa ofisi ya Mizani, jina lake Hoza, kijana mwenye miwani na adabu zake. Ofisi ilijua kwamba mwanamke aliye kwenye eda hapelekewi mwanamume, na walau hilo walikuwa bado wanalikumbuka.

Hoza alivua viatu mlangoni, akaamkia, akaketi ukingoni mwa jamvi. Alitoa pole ya msiba kwanza, kama inavyotakiwa, kisha akafungua karatasi na kusoma namba: elfu moja mia nane arobaini na sita.

Bi Mwanjaa alidhani ni namba ya nyumba, akamwambia hapa ni ishirini na nane, hiyo nyingine haipo Barabara ya Kumi na Saba nzima.

"Si nyumba, bibi," Hoza akasema. "Ndizo alama zako za bao. Umevuka mstari wa elfu moja mia nane. Unaitwa Malangoni."

Mkono wa Bi Mwanjaa ukabaki kwenye ungo.

Malango aliyajua, nani Tanga asiyeyajua. Tangu bahari ipande na kuumeza ufuko wa zamani, mto ulikuwa hauna pa kwenda wakati wa masika. Ulifika ukakuta maji ya chumvi yamekaa mlangoni kama mgeni asiyeaga. Ndipo yakachimbwa mabwawa kumi na sita nyuma ya mji, kila moja na lango lake, na maji yakawa yanahamishwa kutoka hili kwenda lile, mengine yakingojeshwa, mengine yakiachiwa bahari inapokupwa. Mashine zilipima kina na mvua, lakini sheria ilitaka mkono wa kufungua uwe wa mtu. Wataalamu walihangaika miaka miwili kutafuta mtu wa namna gani anafaa. Walijaribu wahandisi, wakajaribu manahodha, wakajaribu walimu wa hesabu. Mwishowe mmoja wao alipita kwenye baraza fulani akaona wazee wanacheza bao, kila mmoja anajua kete yake ya mwisho itaangukia shimo gani kabla hajanyanyua ya kwanza. Basi. Anayejua kete itaishia wapi anajua na maji yataishia wapi.

Toka hapo mabao yote ya mji yakaandikishwa. Mafundi walizunguka nyumba kwa nyumba wakitoboa mbao na kulaza nyuzi chini ya mashimo, nyembamba kama nywele za mtoto, zinazopima uzito wa kete. Kila mchezo ulipokwisha, Mizani, mtambo wa ofisi ile, ilijua nani kamfunga nani, na namba ya kila mchezaji ikawaka kwenye ukanda wa ukingoni kwa anayeubonyeza.

Bi Mwanjaa aliuliza namba yenyewe inatoka wapi, maana yeye alikuwa mpishi wa kahawa ya wacheza bao, si mcheza bao. Mumewe, Fundi Kilua, ndiye aliyekuwa akicheza.

Hoza alieleza kwa subira, huku akichora kwa kidole kwenye jamvi. Alama hazitoki mbinguni, bibi, zinatoka kwa uliyemfunga. Ukimfunga aliyekuzidi unachukua nyingi kwake, ukimfunga mdogo wako unaokota punje. Tena Mizani ina wasiwasi wake. Mtu isiyemjua haimwamini upesi, inampandisha na kumshusha kwa kishindo mpaka imzoee, kama mama mkwe. Wewe ilikuwa haikujui. Katika mwezi wa kwanza ulipanda kama moto wa makuti. Sasa umecheza mabao mia mbili na kumi, umefunga mia moja tisini na nane, na wasiwasi wa Mizani kwako umekwisha.

"Mia moja tisini na nane," Bi Mwanjaa akarudia taratibu.

Hakutaka kujisifu kwa mgeni, lakini kifua kilimjaa. Aliuliza atakalia kiti gani. Hoza akaangalia karatasi: kiti cha tatu, kilichokuwa cha Bi Mejumaa binti Shekue. Alama zake zilianguka chini ya mstari wiki tatu zilizopita, sasa anasafisha nyavu za takataka kule kule Malangoni.

Furaha ikamtoka Bi Mwanjaa. Mejumaa alikuwa shoga yake wa miaka thelathini. Alikuja kila siku saa kumi alasiri kucheza naye, akaleta vitumbua, akaleta umbeya, na neno moja la kiti hakulitoa.

Alipouliza kama mtu anaweza kukataa, Hoza alisema anaweza, ila ataandika sababu, na sababu yoyote inaleta wakaguzi, wanaofungua mabao yote ya mwitwaji moja moja kuona kama kuna aliyeachia. Ni utaratibu tu. Anayegundulika ameachia mchezo kwa makusudi hufungiwa bao na Malango miaka mitano, kwa sababu namba ya uongo kwenye lango huzamisha nyumba za watu. Mizani ingesoma alama zake kwa mara ya mwisho siku ya saba, saa sita mchana. Akiwa bado juu ya mstari, kiti ni chake. Eda wangemngojea iishe, lakini kiti kingebaki na jina lake, na hakuna mwingine atakayekikalia.

Alipokwenda zake, mchele ulikaa kwenye ungo mpaka adhuhuri.

*

Bao la marehemu lilikuwa la mninga, limekula mafuta ya mikono miaka arobaini hata likawa jeusi kwenye kingo. Bi Mwanjaa alilivuta mbele yake akabonyeza ukanda, kwa mara yake ya kwanza, kama alivyomwona mumewe akibonyeza. Bao lilikumbuka kila kitu. Ukiliomba mchezo wa siku fulani, mashimo yaliwaka vitaa vidogo kuonyesha kete zilikuwa ngapi, na mchezo mzima ukajirudia mbele yako, kete za mwanga zikitembea bila mkono.

Aliomba mchezo wake na Mejumaa wa juzi. Aliukumbuka vizuri kwa sababu aliufurahia mno. Alimfunga Mejumaa, safu yake ya mbele ikabaki tupu kabisa.

Aliutazama mara ya kwanza kwa raha. Mara ya pili akaona kitu. Mejumaa alikuwa na mitaji miwili, njia mbili za kula. Mmoja ulikuwa wa kula kete tisa kwa mkupuo, wazi kabisa, hata mtoto angeuona. Mwingine wa kula mbili. Alikula mbili. Zamu iliyofuata tena vivyo hivyo. Zamu ya tatu kete za shimo la maana zikatikisika kidogo kana kwamba zimeguswa, kisha zikaachwa, na zikaondoka za shimo la ovyo.

Akafungua mchezo wa wiki iliyopita. Akafungua wa Bi Mwanasha, wa binti wa Mwanasha, wa Mwalimu Bihindi, wa yule mama wa nyumba ya kona asiyependa mtu. Wanawake kumi na wawili. Wote walikula kidogo walipoweza kula nyingi. Wote walilala, zamu ikafa, pale walipoweza kuendelea.

Ndipo alipokumbuka, akajishika kichwa.

Barabara ya Kumi na Saba ilikuwa na desturi yake, ya kabla ya Mizani na kabla ya bahari kupanda. Akifa fundi wa bao, bao lake haliachwi lipoe. Siku zote za eda majirani wanawake huja kwa zamu kucheza na mjane juu ya bao lile lile la mumewe, na anayekuja hashindi. Huitwa mabao ya pole. Mwenyewe Bi Mwanjaa, alipokuwa mwali, alikwenda siku kumi mfululizo kwa mjane wa Fundi Semhando, akajifungisha mara kumi, na kila akitoka nje huulizwa na wenzake, mfiwa leo kacheka? Desturi hiyo kila mtu mtaani huijua, na mfiwa naye huijua, ila ikimfika mwenyewe huisahau, maana msiba unalevya. Na hakuna aliyefikiri kwamba safari hii chini ya mashimo kulikuwa na nyuzi. Walikuwa wanafanya waliyoyafanya bibi zao.

Kilichomuuma Bi Mwanjaa hakikuwa kiti. Ni kwamba kila magharibi, baada ya sala, alikuwa akiitungua kofia ya marehemu msumarini, akaiweka juu ya mto wa kulalia na kuisimulia. Leo nimemfunga Mwanasha. Leo, baba, nimemfunga Mejumaa mwenyewe, ungekuwepo ungeona. Mia moja tisini na nane. Alilia kwa aibu kwanza, halafu akatulia, akaanza kuhesabu upya kwa jicho lingine. Mabao mia moja tisini na nane ambayo watu walikaa mbele yake, na kazi zao nyumbani, wakatafuta kwa akili zao zote njia ya kushindwa bila yeye kujua. Kushindwa vizuri ni kazi kuliko kushinda. Hilo naye alilijua, alishalifanya.

*

Mejumaa alikuja saa kumi na vitumbua vyake kwenye bakuli la bati. Mikono alikuwa amenawa, lakini harufu ya tope la mabwawa haitoki kwa sabuni mara moja. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mdomo, aliyezoea kuingia uani akitukana.

"We ajuza hujapika? Unataka nife?"

Bi Mwanjaa alisukuma barua kwenye jamvi. Mejumaa aliisoma yote, akaikunja, akachukua kitumbua akakila polepole mpaka kikaisha.

Alipobanwa hakukana. Alisema alikuwa akiziona alama zake zinashuka, kumi leo, kumi na tano kesho, na kila siku alijiambia kesho atapunguza. Ila akifika na kumkuta Mwanjaa amenawa uso, amepanga kete, anamngoja, kete ya kumfunga haimtoki mkononi. Kuhusu kiti, alisema nyavu nazo zinataka mtu.

Hapo wakabishana kwa muda mrefu, sauti ya chini, kwa sababu kuta za Ngamiani, mtaa wao, zina masikio. Mejumaa alitaka Mwanjaa akikalie kiti, naye angemfundisha usiku na mchana mpaka eda iishe. Bi Mwanjaa alimuuliza mvua zinakuja lini, akajibiwa siku kumi, pengine chini ya hapo, na za mwaka huu ni kubwa. Akamuuliza yeye alijifunza miaka mingapi. Mejumaa akashika kitumbua kingine asikile. Kule Mabondeni, chini ya mabwawa, kulikuwa na nyumba elfu sita, na mabinti wawili wa Mwanasha walikuwa wameolewa huko. Kiti kikae kitupu kwa jina la mjane aliye ndani, au akikalie mjane asiyejua, maji hayatauliza.

Basi aseme kweli, Bi Mwanjaa akasema. Aandike sababu: nimeachiwa.

Mejumaa alimkumbusha wanawake kumi na wawili. Mwalimu Bihindi alikuwa kwenye kiti cha tano. Binti wa Mwanasha alikuwa akipanda, amebakiza alama thelathini kufika mstarini. Wote wangefungiwa miaka mitano, na Malango yangepoteza watu wake wazuri mwanzoni mwa masika kwa sababu walimhurumia mfiwa. Ukweli huo ungezamisha wengi kuliko uongo.

Jirani alikuwa anatwanga, kinu kinasikika puh, puh. Bi Mwanjaa alikuwa anaangalia ukanda wa bao. Namba yake iliwaka upande huu, elfu moja mia nane arobaini na sita. Upande wa pili ya Mejumaa, elfu moja mia saba sabini na tisa. Akakumbuka kidole cha Hoza kwenye jamvi: hazitoki mbinguni, zinatoka kwa uliyemfunga.

"Zangu ni zako," akasema. "Kama zilikuja kwa njia hii, zitarudi kwa njia hii. Cheza na mimi."

"Nakuja kila siku."

"Cheza na mimi kweli, Mejumaa."

Alimwona mwenzake anavyobadilika uso. Mejumaa alisema hilo haliwezekani. Amfunge mjane juu ya bao la mumewe, eda haijaisha, kofia ya mwenye bao inaning'inia pale msumarini. Mtaa ungemwonaje? Yeye mwenyewe angejionaje? Akapendekeza basi Mwanjaa ndiye aachie, ajifungishe haraka haraka, iishe.

Bi Mwanjaa akatikisa kichwa. Hiyo ingekuwa kosa lile lile, la mkono mwingine, na wakaguzi wakifungua wangemkuta yeye. Tena hakutaka. Alikuwa amechoka kucheza michezo ambayo mwisho wake umeshaamuliwa na huruma.

"Umenifariji miezi mitatu, shoga, na Mungu akulipe," akasema. "Sasa nifunge. Nataka kukaa mbele ya mtu anayenitaka nishindwe."

Mejumaa aliinuka, akaacha bakuli lake, akatoka bila kuaga.

*

Siku ya pili hakuja. Ya tatu hakuja. Wengine walikuja, kama kawaida yao, na Bi Mwanjaa akawaambia kichwa kinamuuma, akawapa kahawa tu, kwa sababu kila bao ambalo wangemwachia lingezidi kumfukia. Mwanasha aliondoka na wasiwasi, akafikiri huzuni imerudi upya. Jioni kofia ilibaki msumarini. Hakuwa na la kuisimulia.

Siku ya nne mawingu yalianza kujikusanya upande wa Usambara, mazito, ya rangi ya chuma cha zamani.

Siku ya tano, saa tatu asubuhi, si saa yake, Mejumaa aliingia. Hakubeba kitu. Alikuwa amefunga kilemba kama anavyofunga akienda kazini, kimebana paji la uso. Alipita jamvini, akasimama chini ya kofia, akaitazama kitambo.

"Fundi," akaiambia, "mkeo mkaidi. Usije ukanilaumu."

Akaketi, akavuta bao.

La kwanza halikuchukua hata nusu saa. Bi Mwanjaa hakuwahi kukaa mbele ya Mejumaa yule. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. Mikono iliyokuwa ikisitasita miezi mitatu sasa ilitembea kama ya mtu anayepakua chakula cha watoto wake mwenyewe, haraka, kwa haki, bila kumwaga. Bi Mwanjaa alipoinua macho, safu yake ya mbele ilikuwa tupu kama barabara ya Ijumaa saa saba. Ukanda uliwaka: yeye elfu moja mia nane ishirini na saba, Mejumaa elfu moja mia saba tisini na nane. Aliona aibu, kisha akaona kitu kingine kilichomshangaza: alikasirika. Ilikuwa hasira ndogo, safi. Hakuwahi kukasirika tangu mumewe afe. Alikuwa akihuzunika tu.

"Panga," akasema.

Bao la pili walikwenda mbali zaidi. Walinamua zote, wakamaliza kuingiza kete za akiba moja moja, wakaingia kwenye mtaji, ambapo kila kete iliyo chini ndiyo hiyo hiyo, hakuna ya akiba. Katikati Bi Mwanjaa alikosea, akaacha kimbi, shimo la ukingoni, wazi, na alijua amekosea kabla kete haijatua. Aliona na Mejumaa ameona. Na hapo mkono wa Mejumaa ulifanya kile ulichokizoea: ulikwenda kwenye shimo la maana, ukasita, ukaanza kuhamia kwenye mtaji mdogo wa kando.

Bi Mwanjaa alimshika kifundo cha mkono.

Walikaa hivyo, vichwa vyao viwili vimeinama juu ya mninga mweusi, mpaka Mejumaa akapumua, machozi yakamdondoka juu ya bao, na mkono wake ukarudi pale ulipotoka. Alikula kete kumi na mbili. Alizitandaza moja moja, akilia, na hakukosea shimo hata moja.

Ukanda ukasoma kumi juu ya mia nane kwa Mwanjaa, kumi na tano kwa Mejumaa. Kiti kilikuwa kimeshamrudia mwenyewe, na Mejumaa akalisema hilo, akataka kusimama. Bi Mwanjaa akamwonyesha namba yake. Bado ilikuwa juu ya mstari. Bado alikuwa ameitwa, na akikosa kiti hiki ataitwa kingine. Limebaki bao moja.

Walikunywa maji kwanza. Walijifuta nyuso kwa ncha za kanga. Halafu wakapanga.

Bao la tatu lilikuwa tofauti, na Bi Mwanjaa hakujua kwa nini mpaka lilipofika katikati. Miezi mitatu alikuwa amekaa kila siku mbele ya wanawake wanaojua, na hata mtu anayeachiwa huona mikono inavyotembea. Kitu kilikuwa kimeingia bila yeye kukialika. Alitazama safu yake ya nyuma, shimo la tano, kete nane. Nne zitamalizikia nyuma. Nne zitapanda mbele. Ya mwisho itaangukia shimo lake la nne, lenye kete, uso kwa uso na nyumba ya Mejumaa, lile shimo lake kuu, iliyokuwa imenona kete kumi na moja.

Alihesabu tena. Ilikuwa kweli.

Kulikuwa na mtaji mwingine pembeni, wa kula kete mbili. Angeweza kuuchukua. Nani angejua, mcheza asiyejua huwa haoni. Angekula mbili zake, ashindwe, ashuke chini ya mstari, Mabondeni walale salama. Akila nyumba ile angeweza kushinda, na akishinda alama zingerudi kwake, na siku zimebaki mbili, na Mejumaa hatakuwa na moyo wa kufanya hivi tena.

Mejumaa alikuwa anamtazama. Naye alikuwa ameiona, bila shaka alikuwa ameiona kabla yake. Safari hii ni yeye aliyengoja kuona mkono wa mwenzake utakwenda wapi, na Bi Mwanjaa akaelewa wale kumi na wawili walivyokuwa wakijisikia kila siku, kete mkononi, upendo upande mmoja na ukweli upande wa pili.

Alizoa nane. Alizitandaza. Ya mwisho ikagonga penye kete, akaila nyumba.

Mejumaa alitoa sauti kooni, kama mtu aliyepigwa ngumi na ndugu yake. Kisha, polepole, akatabasamu, meno yote nje.

"Nyoko we," akasema kwa upole mkubwa. "Kumbe upo."

Alibaki na kete tatu tu mbele. Alikaa juu ya bao muda mrefu, bila kugusa, midomo inahesabu. Kinu cha jirani kilianza na kumaliza. Bi Mwanjaa aligundua, kwa mshangao na hofu, kwamba anataka kushinda. Alikuwa amesahau Malango. Alikuwa amesahau kila kitu isipokuwa kete tatu zile.

Mejumaa akanyanyua kete mbili za pembeni, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angeanzia. Akala moja. Ile moja ikampa nyingine, ikazunguka nyuma, ikaibuka upande wa pili, ikala tano, tano zikapanda, zikala tena. Alizunguka bao mara tatu bila kulala. Ilikuwa kama kumwona mtu akifungua malango kumi na sita moja baada ya jingine, kila lango kwa wakati wake, na maji yote yakienda yanakotakiwa. Alipoweka kete ya mwisho, mbele kwa Bi Mwanjaa hakukuwa na kitu.

Mia saba tisini na nne kwa Bi Mwanjaa, chini ya mstari. Mia nane thelathini na moja kwa Mejumaa.

Mejumaa alimtazama usoni kwa woga, akitafuta kama amemvunja. Bi Mwanjaa alikuwa amekunja uso, macho kwenye bao, kidole kinapita juu ya mashimo.

"Ulianzia wapi?" akauliza. "Nirudishie. Hapa?"

Mejumaa akacheka mpaka akajishika mbavu. Alisema hana nafasi, lazima apite ofisini kabla ya saa sita, akawaambie wamsomee namba, zamu yake inaanza leo leo kwa hali ya mawingu haya. Alipokuwa akivaa viatu Bi Mwanjaa alimwambia kwamba namba hii bado si yake. Yake hasa pengine haifiki elfu moja. Zilizobaki ni za Mwanasha na Bihindi na wale wengine, na anataka kuwarudishia mmoja mmoja.

"Mwambie Mwanasha aje kesho," akasema. "Na huruma yake aiache nyumbani."

Mejumaa alikuwa ameshafika mlangoni. Aliitikia kwa mkono, akatoka.

Bi Mwanjaa alipanga kete kama zilivyokuwa kabla ya zamu ile ya mwisho: tatu mbele ya Mejumaa, zake zilivyokaa zote. Akahama akakaa upande wa mwenzake. Akatazama. Matone ya kwanza ya mvua yalianguka uani, makubwa, yanaacha alama kwenye vumbi kama sarafu. Alivuta jamvi chini ya upenu bila kuondoa macho kwenye bao, kete zikayumba, akazirudisha kila moja shimoni mwake. Mfereji wa barabarani ulianza kutoa sauti, na baadaye sauti ile ikawa kubwa, ikakimbia kuelekea mtoni, kwa mwenye kazi yake.

Ilimchukua mpaka karibu na alasiri. Aliziwekea kidole kete mbili za pembeni, akazinyanyua, akala moja, akaifuata inakokwenda, akapotea, akarudisha, akaanza tena. Mara ya saba aliiona njia yote mpaka mwisho. Akaketi wima. Akageuka kuangalia ile kofia msumarini.

"Baba," akasema, "leo nimefungwa mara tatu. Ngoja nikuonyeshe."